Wati 25 za Kariakoo na waya wa Dubai

Feni ilianza kuzunguka saa kumi kasorobo usiku. Ndivyo nilivyojua umeme umerudi. Nikanyoosha mkono gizani, nikapapasa waya, nikauchomeka kwenye Samsung yangu iliyobakiwa na asilimia 4, kisha nikarudi kulala usingizi wa mtu mwenye chaja mpya ya wati 25.

Saa kumi na moja alfajiri kengele ikalia.

Asilimia 38.

Tiketi yangu ya treni ya SGR kwenda Dodoma ilikuwa humo ndani ya simu. Hela ya bodaboda wa kunifikisha stesheni, humo humo. Namba ya mtu wa kunipokea, humo humo. Nikakaa kitandani naitazama ile 38 kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Dakika sabini na tano, chaja ya wati 25, betri ya mAh 5000. Fizikia niliiachia kidato cha nne na sikuiaga vizuri, lakini hata mimi niliona hesabu haikai.

Safari niliimaliza kwa pawabenki ya jirani wa kiti. Ile 38 nilikwenda nayo Dodoma nikarudi nayo.

## Aggrey, saa nane mchana

Chaja niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa kijana mwenye meza ndogo mbele ya duka la mtu. Kwa nini tunanunua vichwa vya chaja mezani, wote tunajua. Apple waliiondoa chaja kwenye boksi walipotoa iPhone 12 mwaka 2020, Samsung wakawacheka, kisha Januari 2021 wakafanya vilevile kwenye S21. Tangu hapo boksi la simu limekuwa jembamba na meza za Aggrey zimenenepa.

Aliniambia elfu arobaini, tukaishia ishirini na tano.

Niliporudi kutoka Dodoma nilimfuata. Sikumsalimia. "Umeniuzia feki," nikamwambia, kwa sauti iliyowageuza watu wawili watatu.

"Bosi, hiyo mali safi. Hebu lete simu."

Akachukua waya mfupi mweusi uliokuwa mezani kwake, akachomeka kichwa changu, akachomeka simu yangu. Kioo kikaandika kwamba inachaji haraka sana. Akanigeuzia nione.

"Hapa inakubali, nyumbani inakataa," nikasema. "Feki ndivyo zilivyo."

Watu wakacheka. Nilidhani wanamcheka yeye. Yule kijana hakubishana tena, alifungua boksi jingine lenye gundi yake, akanipa kichwa kingine, akanigeukia mgongo kuhudumia mteja mwingine. Nikaondoka kifua mbele.

Kichwa cha pili kilifika nyumbani kikafanya kama cha kwanza.

## Vichwa viwili, ugonjwa mmoja

Hapo ndipo jambo lilipoanza kunikera kwelikweli. Kichwa kimoja kibovu ni bahati mbaya. Vichwa viwili kutoka maboksi mawili, vyote vinagoma nyumbani kwangu, ilhali cha kwanza kilikubali kwa muuzaji, hiyo si bahati tena.

Nikaanza kushuku kila kitu. Nilipeleka simu kwa fundi, akachokonoa tundu la chaji kwa kijiti, akatoa vumbi la mfukoni la miaka miwili, akachukua elfu tano. Hakuna kilichobadilika. Nikashuku ekstensheni, nikahamia soketi ya ukutani. Nikashuku mtoto wa dada yangu anayecheza gemu simu ikiwa kwenye chaji, nikampiga marufuku, akanuna wiki nzima. Nikashuku umeme wa mtaa wetu wenyewe.

Waya sikuushuku.

Ule waya alinizawadia shemeji aliporudi kutoka Dubai. Mita mbili, umesukwa kama kamba ya buti la askari, vichwa vyake vya chuma, na ukiushika unasikia uzito. Kitu cha namna hiyo mtu anakiheshimu tu. Isitoshe ulikuwa unafika kitandani kutoka soketi ya mbali, na nyumba nzima hakuna waya mwingine uliokuwa unafika.

Baada ya wiki tatu za kushuku nilinunua mita. Ni kidude kidogo cha kuchomeka katikati ya kichwa na waya, kina kioo kinachoonyesha volti, ampea na wati. Kilinigharimu elfu thelathini na tano. Mke wangu akakigeuzageuza, akauliza, "Yaani umetoa elfu thelathini na tano ili ujue chaja ya elfu ishirini na tano ina tatizo gani?"

Sikuwa na jibu. Na bado sikumwambia kwamba kujaza simu kutoka sifuri hakufikishi hata shilingi kumi za umeme wa LUKU, kwa bei yangu ya uniti moja karibu shilingi 357. Tulikuwa hatuzungumzii hela hapa.

## Daftari la wiki ya kwanza

Wiki ya kwanza nilipima kila kitu kilichonipitia mbele. Kichwa cha Aggrey. Kichwa kidogo cheupe cha simu ya zamani, volti 5 ampea 2. Chaja ya kompyuta ya ofisini, wati 65. Tundu la USB la kompyuta yenyewe. Nikaandika kwenye daftari kwa mistari na tarehe, nikajiona mtafiti.

Kisha nikasoma nilichoandika. Chaja ya kompyuta ya wati 65: wati 8.7. Kile kichwa cheupe cha zamani: wati 9.1.

Kwa mujibu wa daftari langu, mtoto alikuwa amemwangusha baba yake.

Ilinichukua siku mbili kuona ujinga ulipo. Chaja ya kompyuta niliipima usiku, simu ikiwa na asilimia 86. Kile cheupe nilikipima asubuhi, simu ikiwa na 25. Betri hizi za lithiamu zinapokea chaji kama daladala ya Mbagala inavyopokea abiria. Ikiwa tupu watu wanaingia hadi dirishani. Ikishajaa, konda anasukuma mmoja mmoja, "sogea nyuma kuna nafasi," na hapo hata ukileta stendi nzima ya watu, mlango hauingizi zaidi. Volti za betri zikishafika kileleni, simu yenyewe ndiyo inayopunguza umeme unaoingia. Nilikuwa nimeipima daladala iliyojaa nikamlaumu dereva.

Nikachana ukurasa. Nikajiwekea sharti: kila kipimo kinaanzia asilimia 20, kioo kimezimwa, mtandao umezimwa, nusu saa kamili, meza ileile chini ya feni ileile. Ina maana kipimo kimoja au viwili kwa siku, kwa sababu lazima simu ishuke tena hadi 20. Ndiyo maana jambo dogo kama hili lilinila mwezi.

## Pishi na kilo

Kabla ya kuwafikisha kwenye waya, kuna sehemu nyingine niliyokwama, na nadhani wengi wenu mmekwama hapo.

Kuna programu za simu zinazoonyesha ampea zinazoingia. Nilipakua moja. Siku moja, nikiwa na waya mwingine nitakaowaeleza hapo chini, mita ilisema ampea 2.4, programu ikasema 4.6. Simu moja, dakika moja, na tofauti karibu mara mbili. Nikaamini mita ni mbovu. Nikaenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu, akachukua mita yake kubwa yenye nyaya nyekundu na nyeusi, tukalinganisha volti: yake 5.11, yangu 5.09. Mita yangu ilikuwa nzima.

Programu nayo ilikuwa nzima.

Kilichokuwa kibovu ni mimi. Mita inasoma umeme kabla haujaingia kwenye simu, ukiwa kwenye volti karibu 9. Programu inasoma umeme unaoingia kwenye betri, baada ya simu kuushusha hadi volti kama 4. Zidisha: 8.8 mara 2.4 ni wati 21 na ushee. 4 mara 4.6 ni wati 18 na ushee. Zilizobaki zimeliwa na simu yenyewe na joto. Nilikuwa nalinganisha pishi na kilo, nikashangaa namba hazifanani.

Tangu siku hiyo ampea peke yake hainiambii kitu. Mtu akijisifu kwamba chaja yake inatoa "ampea tatu", namuuliza kwa volti ngapi.

## Ncha mbili za waya

Haya, waya.

Nilichomeka mita kwenye kichwa cha Aggrey, nikaunganisha waya wa Dubai, nikaunganisha simu. Namba zikapanda hadi volti 9. Nikashangilia. Zikakaa pale sekunde mbili tatu, kisha zikaanguka: volti 5.1, ampea 1.3. Hazikupanda tena. Nikachomoa, nikachomeka, vilevile. Zinapanda, zinachungulia, zinaanguka.

Nikahamisha mita. Badala ya kuiweka upande wa kichwa, nikaiweka upande wa simu, mwisho wa waya. Ampea zilezile 1.3. Volti 4.4.

Nilikaa nikiitazama ile 4.4 muda mrefu. Volti 5.1 zinaingia ncha hii, 4.4 zinatoka ncha ile, na katikati hakuna kitu ila mita mbili za waya wa kifahari. Volti 0.7 zilikuwa zinapotelea njiani. Gawanya kwa 1.3 unapata ukinzani wa waya, kama omu 0.54. Ndipo nikaelewa kwa nini simu ilikuwa inakimbia volti 9 kila mara. Kama ingevuta ampea 2.4 kupitia waya huo, volti 1.3 zingepotea na wati 3 zingebaki ndani ya waya kama joto. Simu ilikuwa inaona umeme unaofika si ule iliouomba, inanywea, inarudi kwenye volti 5 za tangu enzi.

Nikatafuta waya mfupi. Nilikuwa nao droo ya jikoni, nusu mita, mweusi, wa plastiki, sikumbuki ulikuja na nini. Volti 8.9 upande wa kichwa, 8.7 upande wa simu, ampea 2.4. Wati 21 mlangoni mwa simu.

Kichwa kilekile cha elfu ishirini na tano. Pacha wa kile nilichokiita feki mbele ya watu.

Nusu saa kwa waya wa droo: kutoka asilimia 20 hadi 63. Nusu saa kwa waya wa Dubai: 20 hadi 34. Nilirudia kipimo cha Dubai mara tatu kwa sababu sikutaka kiwe hivyo. 34, 35, 34.

Jumapili nikaupasua kwa wembe. (Shemeji, kama unasoma hapa, tutaongea.) Kwanza kilitoka kitambaa kilichosukwa. Chini yake plastiki nene. Chini ya plastiki, nyuzi nyeupe za kujazia, kama za mto. Na katikati kabisa, nyaya za shaba zinazobeba umeme, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Unene wote niliokuwa nikiuheshimu ulikuwa nguo.

Wengine wenu mna waya ulioandikwa ubavuni vinamba vya unene wa shaba kama 28AWG au 24AWG. Msiudharau mwandiko huo. Namba ikiwa ndogo shaba ni nene, na waya wa 28 una ukinzani karibu mara mbili na nusu ya wa 24 kwa urefu uleule. Na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita mbili kwa umeme ni safari ya mita nne.

## Kupatana bei

Niliporudia ile chaja ya kompyuta kwa masharti mapya, nilitegemea ivunje rekodi. Wati 65, waya wa droo, simu ina 20. Ikatoa volti 9 na ampea 1.6. Wati 14 na kidogo. Nusu saa ikafika 52, nyuma ya kichwa cha Kariakoo.

Hapa ndipo nilipoacha kufikiria chaja kama bomba la maji. Kichwa hakisukumi umeme ndani ya simu. Kwanza kinataja bei: nina volti 5, 9, 15, 20, na ampea hizi hapa. Simu inachagua. Mazungumzo yanapita kwenye uzi mdogo ndani ya waya huohuo, kabla ya umeme mkubwa kuruhusiwa. Samsung yangu ina ugumu wake: wati 25 inazikubali tu kutoka kwa kichwa kinachojua lugha iitwayo PPS, yaani kichwa kinachokubali kupatana kwa hatua ndogo za volti 0.02, simu ikiomba "ongeza kidogo, punguza kidogo" muda wote wa kuchaji. Chaja ya ofisini haipatani, bei zake ni zilezile. Simu ikachukua volti 9, ikaridhika na zile wati 14.

Kwa hiyo namba kubwa kwenye kichwa ni uwezo wa muuzaji. Mnunuzi ni simu.

Na waya ni nani? Zamani ningesema ni barabara. Lakini kuna kisa cha Benson Leung, mhandisi wa Google, aliyeanza mwaka 2015 kununua nyaya za USB-C kwenye Amazon na kuzipima mmoja mmoja. Mapema 2016 alikutana na waya mmoja ambao ndani yake njia ya umeme na njia ya kurudi zilikuwa zimebadilishana. Uliiharibu kompyuta yake ya Pixel papo hapo, pamoja na vifaa vyake vya kupimia. Mtu aliyekuwa anajua kuliko wauzaji wote, akiwa na vifaa vyote, na waya mmoja tu ukamwangusha. Tangu nisome kisa hicho nauona wangu wa Dubai kama mwizi mstaarabu. Aliiba volti 0.7 tu.

## Godoro

Jambo la mwisho nililipata kwa bahati. Nilikuwa nimechoka kukaa mezani, nikapima simu ikiwa kitandani, ndani ya kava lake, juu ya godoro. Kichwa kizuri, waya mzuri. Ilianza na wati 21 kama kawaida. Baada ya robo saa ilikuwa 12, na simu ina joto la chapati iliyotoka jikoni dakika tano zilizopita. Ilikuwa Februari, mnaijua Februari ya Dar.

Nikaivua kava, nikaiweka chini kwenye vigae. Ikapanda polepole hadi 19.

Kwa hiyo waya mrefu ulikuwa umenikosesha mara mbili. Ulikula volti njiani, kisha ukaifikisha simu mahali pabaya zaidi pa kuichajia. Mtoto wa dada yangu nilimwondolea marufuku, ingawa nilipopima gemu lake nalo lilikuwa linakula wati 3 hadi 4. Sikumwambia hilo.

## Aggrey tena

Jumamosi nilirudi na mita mfukoni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, na nilipofika niliyasema yote, pamoja na sehemu ya watu kucheka.

Kijana alinisikiliza akiwa anamrudishia mtu chenji. "Kaka, wanaonigombeza kwa siku ni wengi," akasema. "Siwezi kuwakumbuka wote. Hicho kidude ni nini?"

Nikamwonyesha. Ndani ya dakika kumi simu yangu ilikuwa mezani kwake na tulikuwa tunapima ubao wake mzima wa nyaya, msumari kwa msumari. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, baada ya waya wa tatu alikuwa anasoma volti na kukisia ampea kabla hazijatulia. Waya mfupi mweusi wa elfu nne ulifika wati 21. Wa pinki wa elfu mbili ulikuwa na 6. Msumari wa juu kabisa ulining'iniza waya wa mita mbili, umesukwa, vichwa vya chuma. Niliujua kabla sijaugusa. Volti zikapanda hadi 9, zikachungulia, zikaanguka.

"Huu ndio unaotoka kuliko yote," akasema, anaupima tena kwa mkono, juu chini, kama mtu anayepima nyanya. "Wanaupendea uzito."

Shemeji kumbe angeshuka tu Kariakoo.

Dada mmoja akasimama mezani, simu mkononi, anataka waya wa Type C. Kijana akanitupia jicho, kisha akamnyooshea ule mfupi mweusi. "Chukua huu dada, unaingiza chaji haraka sana. Tumetoka kuupima sasa hivi, muulize kaka hapa."

Yule dada aliuangalia. Akaniangalia na mimi, na kidude changu.

"Mfupi mno huo," akasema. "Nipe ule mnene wa juu."

Kijana akautungua. "Elfu nane, dada."